Jina la Baba Mkwe

Karatasi ilipigiliwa mlangoni kwa misumari miwili ya bati, na aliyeipigilia hakujisumbua kubisha hodi. Justina alikuwa zizini anakamua. Aliposikia nyundo alidhani ni jirani anatengeneza mambo yake, akaendelea na kazi. Alipotoka na kibuyu cha maziwa mkononi alimkuta shemeji yake Hermani amesimama uani, ameinua uso, anahesabu mabati ya nyumba kwa kidole.

"Kumi na mawili," Hermani alisema. "Haya ni yako, shemeji. Alinunua Yonas, sitaki kukudhulumu. Ng'oa uende nayo. Ardhi ndiyo ya baba."

"Niende nayo wapi?"

"Kwenu si kupo?"

Kwao Justina ni Balangdalalu, ambako kaka zake walishagawana kila kitu hadi mahali pa kufungia ndama. Hermani alilijua hilo vizuri. Mtu mwenye haya asingeuliza, lakini alikwisha kupokea fedha za Alex, mkulima wa alizeti kutoka mjini, na nyingine alikwisha kuzila. Akapanda pikipiki yake akaondoka, nyundo ikining'inia mgongoni ndani ya mfuko wa rambo.

Glory, binti wa kidato cha pili, ndiye aliyeibandua karatasi alipotoka shule. Aliisoma kwa sauti uani, mbele ya mama yake na bibi yake, mama mzazi wa marehemu Yonas, aliyekuwa amekaa juu ya ngozi karibu na ukuta. Karatasi ilisema Justina Yonas anatakiwa kuondoka ndani ya siku kumi na nne katika shamba la ekari tisa la marehemu Gidamis, ambalo mwanawe Hermani ameliuza kihalali. Chini kulikuwa na muhuri wa kijiji.

Glory alipotamka jina hilo, wanawake wawili waliangalia chini. Gidamis alikuwa kaka mkubwa wa baba mkwe wake Justina. Baba mkwe mwenyewe aliitwa Gidabuday, na wote wawili walikufa zamani. Mwanamke wa Kibarbaig akishaolewa hataji majina ya wazee wa mumewe, wawe hai au wawe kaburini. Husema mzee, husema baba wa fulani, hupita pembeni. Justina alikuwa amepita pembeni kwa miaka kumi na tisa na hakuwahi kuona kama ni mzigo. Glory alitaja tu, kwa kuwa hajaolewa.

"Uongo," bibi alisema kwa lugha yake. "Shamba hili alilifyeka mume wangu, mimi nikichoma visiki. Kaka yake alikuwa na lake kule bondeni, akaliuza, akalinywa lote."

"Basi tutasema hivyo, mama," Justina alijibu.

"Mtamwambia nani? Muhuri wanao wao."

Justina alikwenda kuchukua uji wa bibi. Tangu mwaka juzi mikono ya mzee huyo ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika kikombe, na Justina ndiye aliyemnywesha asubuhi na jioni, akipuliza kwanza, akimfuta kidevu kwa ncha ya khanga. Siku hiyo macho ya Justina yalikuwa kwenye karatasi, na uji mwingi ukaishia kifuani kwa bibi.

Mwalimu mmoja alimwambia Glory kwamba Katesh kuna mwanamke anayesaidia watu bila malipo. Wakaondoka kijijini kwao Dirma siku ya gulio, kwa kuwa siku hiyo magari ni mengi na nauli inashuka.

Hadiya alikuwa msaidizi wa kisheria. Si wakili. Alisomea kozi, akapewa kitambulisho, na kazi yake ni kuwaeleza watu haki zao na kuwaandikia maombi wasioweza kumlipa mtu. Ofisi yake ilikuwa meza moja nyuma ya duka la kaka yake Saleh, katikati ya mifuko ya saruji na mabunda ya mabati mapya.

"Karibu mama. Habari za Dirma?"

"Nzuri," alisema Justina. Watu wa huko husema nzuri hata nyumba ikiwaka moto.

Hadiya aliisoma karatasi mara mbili, akaiweka mezani. "Mama Glory, hii haina nguvu ya kumtoa hata kuku."

"Ina muhuri."

"Muhuri wa kijiji. Mtu hatolewi nyumbani kwake kwa muhuri wa kijiji. Anatolewa kwa amri ya baraza la ardhi, baada ya yeye mwenyewe kuitwa na kusikilizwa. Hata amri ikitoka, anayekuja ni dalali aliyeteuliwa, siyo shemeji na nyundo yake. Na mjane hapotezi haki ya ardhi kwa sababu mume amekufa. Umenielewa?"

Justina alielewa. Kwa mara ya kwanza wiki ile alivuta pumzi ikafika mwisho. Alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya vijana wa dukani waliokuwa wanapima misumari.

"Sasa niambie," Hadiya alisema na kushika kalamu. "Nani aliwapa shamba hili?"

"Mzee."

"Mzee nani?"

Justina alimgeukia binti yake. "Gidabuday," alisema Glory. "Baba yake na baba."

Hadiya akaandika. Alidhani mama anakionea haya Kiswahili, kama wengi wanaotoka kule tambarare. Kila alipouliza jina, mama alimtazama mtoto na mtoto alijibu, na fomu ikajaa haraka. Kosa lilikuwa hapo, mezani, mbele ya macho ya watu watatu, na hakuna aliyeliona. Hadiya alizaliwa Katesh, babu yake alitoka Kondoa kufuata biashara, na kwao wakwe hutajwa kama watu wengine. Justina naye alidhani mambo ya serikali yanakwenda kwa karatasi. Karatasi ikishataja, yeye hataambiwa ataje.

Kosa ambalo Hadiya aliliona lilikuwa jingine. Cheti cha kifo cha mume kilisomeka Yonas Gidamis.

"Baba mkubwa ndiye alimpeleka shule," Glory alieleza. "Akamwandikisha kwa jina lake. Baba hakubadilisha."

"Hermani atalishika hilo. Atasema Yonas aliishi pale kwa hisani ya baba mkubwa wake. Kuna mtu aliyeona shamba likigawiwa?"

"Yupo Margwe," alisema Justina. "Jirani. Siku mzee alipotuonyesha mpaka, yeye ndiye alishika kamba upande wa pili."

"Huyo ndiye ngao yako. Usimpoteze."

Justina alichovya dole gumba kwenye wino akagandamiza mahali alipoonyeshwa. Fedha ya kutoa nakala ilipungua mia tano. Saleh aliitoa kwenye droo ya duka, akaendelea kuhudumia wateja, na Justina alimshukuru mgongo.

Hadiya alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji akamsomea sheria polepole, na mwenyekiti akakumbuka ghafla kwamba muhuri wake ulitumika bila yeye kuangalia vizuri. Siku kumi na nne zikapita, nyumba ikabaki imesimama. Walipitia baraza la kata kwa usuluhishi, Hermani akaitwa mara mbili asitokee, wakapewa karatasi ya kwenda wilayani. Baraza la wilaya likatoa zuio la muda. Mtu asiguswe hadi siku ya kusikilizwa. Justina alijifunza neno zuio akalipenda. Alikuwa analitamka peke yake akiwa anatwanga.

Lakini Alex alileta trekta. Hakuliingiza shambani, aliliegesha mpakani na kumwachia dereva. Alikuja mwenyewe hadi uani, akavua kofia.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Nimenunua kwa mtu. Nikiambiwa si lake nitamdai yeye. Ila mvua hainisubiri mimi."

"Na sisi haitusubiri," alisema Justina.

"Ndiyo maana nasema." Alitazama nyumba, akamtazama bibi kwenye ngozi yake, akarudisha kofia kichwani. Trekta likabaki pale pale. Kila asubuhi dereva aliliwasha kidogo ili lisipoe sana, na kila lilipounguruma bibi aliuliza kama ndio wamekuja.

Bibi ndiye aliyemfanya Justina akose usingizi kuliko kitu kingine. Mwanamke kijana anaweza kuomba kibarua, msichana anaweza kukaa kwa mwalimu. Lakini nani atapokea mzee asiyeweza kushika kikombe? Justina aliliona hilo mchana na usiku.

Siku ya kusikilizwa waliondoka alfajiri. Walipofika Katesh simu ya Glory iliita. Alikuwa Margwe, na nyuma yake kelele za stendi.

"Mpe mama yako. Mama Glory, nisamehe. Mke wangu amejifungua vibaya, damu haikati. Tuko kwenye basi la kwenda hospitali ya Haydom. Ningekuwa na miguu miwili na mingine miwili..."

"Nenda naye," alisema Justina. "Nenda. Mungu amsaidie."

Alimrudishia Glory simu. Hadiya, aliyekuwa anawasubiri nje ya baraza na faili kifuani, aliuona uso wake akajua kabla ya kuambiwa.

"Tutaomba ahirisho," alisema. "Au utasimama mwenyewe. Unajua kila kitu, si ndiyo? Sema tu kama ulivyoniambia. Mimi nitakaa nyuma. Siruhusiwi kukusemea humo ndani, lakini utaniona."

Karani alimtoa Glory nje kwa sababu ya sare ya shule. Justina alipopita mbele ya meza yake, karani huyo alisogeza kiti na kusukuma dirisha, maana nguo za Justina zilinuka samli na moshi. Justina aliona. Alikaa ukingoni mwa benchi, mbali kidogo na watu, asimsumbue mtu kwa harufu ya nyumbani kwake.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mgeni mkoani, mtu mwembamba mwenye mafaili kumi na tisa ya siku hiyo mbele yake. Pembeni walikaa washauri wawili wa baraza, mmoja wao mwalimu mstaafu aliyeitwa Getruda. Hermani alikuja na wakili mwenye tai. Justina alishika Biblia, akaapa.

"Nani alikupa eneo hili?" mwenyekiti aliuliza.

"Baba mkwe."

Wakili akasimama. "Mheshimiwa, hilo hatubishi. Kwa mila zao ndugu wote wa baba mkwe ni baba wakwe. Marehemu Gidamis, baba wa mteja wangu, naye ni baba mkwe wake. Tunakubali baba mkwe alimkaribisha. Tunasema baba mkwe huyo ni Gidamis, na alimkaribisha tu, hakumpa."

"Ni yupi?" mwenyekiti alimuuliza Justina.

"Aliyemzaa mume wangu."

"Cheti cha kifo kinasema Yonas Gidamis," wakili alisema. "Na hilo tunalikubali, Mheshimiwa."

Wazo hilo la kumbana Justina kwa jina halikuwa la wakili, yeye ni mtu wa mjini, asingelijua. Lilikuwa la Hermani, aliyekuzwa ndani ya mila hizo hizo na mama aliyezishika hadi anakufa. Alikaa ametazama viatu vyake, ametulia kabisa.

"Mama, taja jina," alisema mwenyekiti.

Justina aligeukia mlango alikotolewa Glory.

"Jina la mtu aliyekupa ardhi hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

"Lipo kwenye karatasi."

"Karatasi iliandikwa na mtu mwingine. Wewe uliweka dole gumba. Baraza linataka kusikia kwako."

Nyuma kabisa Hadiya alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja. Sasa alikuwa analiona: meza, kalamu, macho ya mama yakimgeukia mtoto. Aliinuka nusu, karani akamwonyesha kwa mkono akae.

Getruda aliinama akamnong'oneza mwenyekiti kwa muda mrefu. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu zaidi, kwa sababu mtu mbaya angalau unaweza kumchukia.

"Nimeelezwa," alisema. "Mila yako naiheshimu, mama. Lakini siwezi kukutajia. Nikikutajia nimekuwa shahidi wako. Naweza kuahirisha hadi huyo Margwe aje. Nafasi niliyo nayo ni mwezi wa tatu."

"Na zuio?" Justina aliuliza.

Wakili alijibu kabla hajaulizwa. "Zuio linaisha leo, Mheshimiwa. Tunapinga lisiongezwe. Hajaonyesha chochote. Mnunuzi ana trekta shambani na mvua zimeshaanza."

"Nikiongeza zuio lazima niwe na sababu iliyotoka kwenye ushahidi," mwenyekiti alimwambia Justina, polepole, kama anayemwomba. "Hadi sasa sina. Unaelewa, mama? Sina."

Justina alielewa. Alimwona bibi juu ya ngozi yake, mvua ikimnyeshea, na dereva wa trekta akimwomba asogee. Alimwona Glory na madaftari ndani ya mfuko wa rambo. Alitafuta njia ya pembeni. Alisema ni yule aliyelifyeka shamba. Alisema ni mume wa mama anayeishi naye. Wakili alisema mke si shahidi wa mipaka, na kwamba mama huyo hayupo. Justina alisema ni yule aliyezikwa upande wa jua linapotoka, na mwenyekiti akauliza, bila hasira, aliyezikwa hapo anaitwa nani.

"Hatasema," Hermani alimwambia wakili wake kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

Justina alishika ukingo wa meza ya mashahidi. Alikuwa amejaa hofu, hofu ya utoto, ile ya kuvunja kitu cha watu wazima. Akasema.

"Gidabuday."

"Rudia," karani alisema, kalamu juu. "Sikusikia. Gida nani?"

"Gidabuday."

"Kwa kumbukumbu ya baraza," alisema mwenyekiti, naye sasa anatazama mezani. "Aliyekupa eneo ni nani, na alikuwa nani kwako?"

"Gidabuday. Baba mkwe wangu."

Hermani alikuwa amesimama. Utulivu wote ulimtoka. Alikuwa amelitegemea jina hilo kama mtu anavyotegemea ukuta, na hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kutoka mdomoni mwa mke wa nduguye. "Umemtaja mzee," alisema kwa Kibarbaig, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa ya hila. Halafu akatoka nje, simu tayari iko sikioni.

Zuio liliongezwa hadi hukumu. Hermani asiingie, Alex asilime, trekta liondolewe. Karani aliandika haraka, akapiga muhuri, akampa Justina karatasi huku amegeuza uso dirishani.

Nje, Hadiya alimshika mikono yote miwili. "Sikuuliza. Ningeuliza ningejua, ningemtafuta shahidi wa pili, ningeandika barua mapema. Nilikuona unamtazama mtoto nikadhani ni Kiswahili."

"Na mimi sikusema."

"Lakini mama Glory, wewe si umebatizwa?" Hadiya alitaka kumfariji, na labda kujifariji. "Hayo mambo bado yanakushika?"

"Ubatizo ni wangu," alisema Justina. "Jina ni la mama mkwe."

Waliposhuka njia panda ya kijijini jua lilikuwa bado juu. Trekta halikuwepo, zilibaki alama za magurudumu tu. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka kisimani, ambao siku zote husimama wakaulizana habari za ng'ombe na za watoto, walipita upande wa pili wa njia. Glory aliwaamkia. Walimwitikia yeye.

Bibi alikuwa nje ya boma. Alikuwa amejikokota hadi kwenye njia, akatandika ngozi yake, na kando yake kulikuwa na kigoda chake, blanketi na kibuyu. Hakufika hapo kwa dakika tano. Magoti yake yalikuwa na vumbi na michubuko.

Justina alisimama mbali kidogo, akamwamkia. Bibi akaitikia.

"Hermani amepiga simu kwa jirani," bibi alisema. "Umetaja?"

"Nimetaja."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Bibi alifumba macho. Kisha akauliza, "Nyumba?"

"Imebaki."

"Mtoto atalala ndani?"

"Atalala ndani, mama. Na wewe."

"Umefanya vizuri," alisema bibi. "Nakwambia ili usije ukadhani nina hasira. Ningekuwa wewe, sijui. Lakini humo siwezi kuingia tena ukiwemo wewe, wala siwezi kunywa mkononi mwako. Unajua."

"Najua."

"Kuna namna ya kusafisha. Inataka wazee wa ukoo."

"Wazee wa ukoo wanakula kwa Hermani."

"Basi."

Glory, aliyekuwa amebana midomo njia nzima, alianza kulia kwa sauti. "Bibi, sasa utaenda wapi? Utaenda kwake? Yeye ndiye alitaka kukuuza na shamba."

"Niende kwa mwizi?" Bibi alionekana kushangaa kweli. "Nitakaa hapa. Hapa ni pa mume wangu. Mama yako amesema mwenyewe mbele ya serikali."

Hakuna aliyeweza kumwinua. Glory alijaribu, Justina akamkataza, maana kumburuta mzee kwa nguvu ndicho kitu walichokwenda Katesh kukizuia. Justina alipika uji, lakini alipokwisha kuukoroga alikumbuka, akaumwaga. Alimwita Glory akamwambia awashe moto mwingine, achukue sufuria nyingine, apike mwenyewe. Alisimama mlangoni akamwangalia binti yake akichuchumaa mbele ya bibi na kikombe.

"Puliza kwanza," alisema kutoka mlangoni. "Anaungua haraka."

Glory akapuliza. Justina alitaka kusema afute kidevu, akanyamaza, na alipoona Glory amefuta bila kuambiwa aliingia ndani akalia.

Wingu lilianza kukusanyika kesho yake asubuhi juu ya mlima Hanang. Margwe alirudi kwa basi la kwanza. Mke wake alikuwa hai, mtoto hakuishi. Alikuja moja kwa moja kutoka barabarani, nguo zake bado na damu kavu, kuomba radhi, na alimkuta Justina juu ya paa lake mwenyewe, amekaa amepanua miguu, anang'oa misumari kwa jembe.

"Mama Glory. Unafanya nini? Si nimesikia mmeshinda?"

"Tumeshinda."

"Sasa mbona unabomoa?"

"Nishikie hili. Lina makali pembeni."

Margwe alipokea bati, akalilaza chini. Alitazama njiani, akamwona mzee na ngozi yake, na Glory akichimba mashimo ya nguzo kwa sululu ya kuazima. Yeye ni Mwiraqw, si mila zake, lakini amekaa jirani nao miaka mingi. Hakuuliza zaidi. Alivua shati akaenda kukata miti.

Kabla ya kuezeka, Glory alitumwa kuuliza. Alirudi na jibu. "Bibi anasema mabati atayakubali. Anasema alinunua mwanawe."

Kibanda kilisimama kabla ya mchana, kidogo, cha mtu mmoja, ndani ya mpaka ambao Margwe aliwahi kushika kamba yake. Kiliezekwa kwa mabati matano. Justina hakugusa nguzo wala mlango. Alitazama kutoka uani, akiwaelekeza kwa mkono pale bati lilipokaa vibaya.

Mvua ilipoanza kugonga, Glory na Margwe walikuwa wameshamwingiza bibi. Justina alikuwa ndani ya nyumba yake, karatasi ya baraza imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuchomekwa ukutani isilowe. Upande mmoja wa chumba ulikuwa umejaa mwanga kwa sababu haukuwa na kitu juu. Maji yalikuwa yanaingia pale alipozoea kulala. Aliinua uso akahesabu yaliyobaki kwa kidole.

Saba. Akalivuta godoro la Glory akalisogeza upande wenye paa.